Waya Ambayo Haikuwamo

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa kituo cha polisi, chumba namba 4, tarehe 2 mwezi wa saba, kuanzia saa 3:15 asubuhi.

Shahidi: mume wa marehemu, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho alichoonyesha. Mtaani anaitwa Mzee Soli.
Umri: miaka 63.
Kazi: fundi viatu.
Makazi: vyumba viwili nyuma ya karakana yake, mkabala na shule ya msingi.

Nimeelezwa na afande kwamba niseme niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, si ninayoyadhani. Nimeonywa pia kwamba kusema uongo hapa ni kosa. Nimemwambia afande kwamba onyo hilo angelipeleka kwanza kwa fundi wa meno. Amenijibu kwamba kila mtu ana zamu yake. Basi hii ni zamu yangu.

Marehemu alikuwa mke wangu kwa miaka thelathini na tano. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza na alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Nyumbani nilimwita Mwalimu, naye aliniita Fundi. Majina yetu tuliyaacha kwenye cheti cha ndoa.

Alipoteza meno yote ya juu kwa ugonjwa wa fizi akiwa na miaka arobaini na minane. Kwa mwaka huo alikuwa akicheka ameziba mdomo kwa kiganja. Nilimpeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza meno ya bandia, ambaye sasa ni marehemu. Nilikaa kwenye benchi la karakana yake nikatazama kazi, maana mimi siwezi kukaa mbele ya fundi nisitazame mikono yake. Alichanganya unga wa rangi ya waridi na maji yake yenye harufu kali, akaushindilia ndani ya kasha dogo la chuma lenye umbo la kinywa cha Mwalimu katika plasta, akalibana kwa skrubu. Akaliweka kwenye maji baridi, ndipo akawasha moto mdogo. Lilikaa humo tangu asubuhi hadi jioni, na baada ya hapo likaachwa lipoe lenyewe. Nilimuuliza kwa nini asichemshe haraka tukaondoka.

Akasema, "Fundi mwenzangu, hii kitu ukiikimbiza inachemka kwa ndani. Nje utaiona inang'aa, ndani imejaa mapovu."

Alimpa Mwalimu masharti matatu. Asiyaoshe meno kwa maji ya moto, yatapinda. Asiyaache yakauke, wakati hayapo mdomoni yakae ndani ya maji. Na yakianza kucheza mdomoni arudi, kwa sababu ufizi hunywea na plastiki hainywei, na kinachocheza hukunjika kidogo kila anapotafuna.

Mwalimu aliyashika masharti hayo kama sheria za shule. Alitafuta chupa ya kioo iliyokuwa ya jamu, akabandua karatasi yake, na kila asubuhi aliibadilishia maji. Mwanzoni alikuwa akipiga mluzi kwenye kila herufi ya s. Kwa wiki nzima nilimsikia jikoni akisema sa, se, si, so, su, kama darasa lenye mwanafunzi mmoja. Nilimwambia, "Mwalimu, umerudishwa la kwanza?" Akanijibu, "Nyamaza wewe, nasahihisha mdomo."

Afande ameniuliza haya yanahusikaje. Yanahusika kwa sababu pleti ile, yaani kile kipande cha waridi kinachokaa kwenye kaakaa na kubeba meno, ilidumu zaidi ya miaka kumi bila ufa. Mtu asiniambie kwamba mke wangu hakujua kutunza meno.

Mnamo tarehe 8 mwezi wa kumi mwaka jana tulirudi katika karakana ileile, kwa kuwa meno yalikuwa yamelika na pleti ilianza kucheza. Tulimkuta mtoto wa yule mzee, ndiye fundi wa meno ninayemzungumzia katika maelezo haya. Alichukua vipimo, na siku mbili baadaye, tarehe 10, alitengeneza pleti mpya mbele yangu. Nilikaa kwenye benchi lilelile. Alilitumbukiza kasha ndani ya sufuria ambayo tayari maji yalikuwa yakitokota. Redio ilikuwa inaanza taarifa ya habari ya saa saba. Taarifa ilipoisha na michezo ikaisha, alilitoa kasha na kuliweka chini ya bomba la maji baridi.

Nilimwambia, "Mwanangu, marehemu baba yako alikuwa akiiacha tangu asubuhi hadi jioni."

Akacheka. Akasema, "Mzee wangu alikuwa na muda. Mimi nina foleni. Wewe shona viatu, Mzee Soli, meno niachie mimi."

Niliona ni utovu wa adabu kumfundisha mtu kazi kwenye meza yake. Pleti ilikuwa inang'aa vizuri sana.

Mwezi wa kumi na moja, tarehe siikumbuki, ukingo wa mbele wa pleti hiyo ulianza kumkata Mwalimu pale kwenye upenyo inapopita ile kamba nyembamba inayoshikanisha mdomo wa juu na ufizi. Tulikwenda mara mbili tukakuta karakana imefungwa. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa sababu afande amenieleza kwamba fundi wa meno amelitaja.

Tarehe 17 mwezi wa pili mwaka huu pleti ilipata ufa katikati, kutoka mbele kwenda nyuma. Fundi wa meno aliiunga kwa plastiki laini inayokauka bila moto. Tarehe 21 mwezi wa nne ikakatika tena palepale. Hapo nilimwambia wazi kwamba kuunga hakutoshi. Nilimweleza kwa lugha ya kazi yangu: soli haikatwi na jiwe la siku moja, inakatika kwa kukunjwa mahali pamoja maelfu ya mara. Pleti inacheza, kila akitafuna inakunjika katikati, kwa hiyo hata akiunga mara kumi itakatika. Nilimwomba atengeneze nyingine, taratibu, kama baba yake.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, ameziba mdomo kwa kiganja kama zamani. Alimuuliza, "Baba, sasa nikiwa darasani ikinikatikia tena?"

Fundi wa meno akasema, "Mama, ondoa shaka. Safari hii nitailaza waya ndani, toka huku mpaka huku. Hata ukitafuna msumari."

Aliingia chumba cha nyuma, akarudi baada ya nusu saa na kumkabidhi. Akasema kwa mdomo wake, mimi nikiwepo, "Waya imo."

Njiani Mwalimu alikuwa na furaha. Alisema, "Fundi, sasa nina waya mdomoni. Redio yako ikikosa mawimbi niite, nitafungua mdomo karibu na dirisha." Kwa wiki kadhaa huo ndio ulikuwa utani wetu. Redio ikikoroma kule karakana, alikuwa akitokea mlangoni, anapanua mdomo na kunyoosha mikono kama mlingoti. Wateja walidhani ameanza kuchanganyikiwa.

Mnamo tarehe 11 mwezi wa sita, saa 12:40 asubuhi, tulikuwa mezani tunakunywa chai. Mwalimu alitafuna mkate uliokuwa umekauka. Nilisikia mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti ikivunjwa. Alikohoa mara moja, akashika shingo. Alitoa pleti mdomoni. Sehemu kubwa ilikuwepo. Kipande cha mbele chenye meno mawili hakikuwepo. Aliniambia, "Kimeteremka," akaonyesha chini ya koo, juu kidogo ya kifua.

Tulifika hospitali saa 1:50. Daktari wa zamu alimpiga picha ya eksirei ya shingo na kifua. Saa 3:05 alitoka na picha na kusema haoni kitu. Nilimwonyesha pleti yenye pengo. Akaniuliza, "Hii ni plastiki tupu, au ina chuma ndani?" Akanieleza kwamba plastiki ya namna hii haionekani kwenye eksirei, lakini chuma kinaonekana, hata kiwe chembamba.

Nilimwambia kwamba fundi aliweka waya. Daktari akasema, "Mpigie uhakikishe. Hilo ndilo litakaloamua."

Saa 3:10, nikiwa kwenye veranda nje ya chumba cha picha, nilimpigia fundi wa meno. Simu yangu ninayo na namba na saa vimo. Tulizungumza dakika moja na sekunde arobaini. Nilimwambia pleti imekatika, Mwalimu amemeza kipande cha mbele, tuko hospitali, daktari anauliza.

Nikamuuliza, "Mle ndani kuna waya au hakuna?"

Akasema, "Waya ipo, mzee. Nimeilaza mwenyewe."

"Mpaka mbele?"

"Mpaka mbele. Mpe pole mama."

Nilirudi nikamwambia daktari, kwa mdomo wangu huu, kwamba waya ipo mpaka mbele. Daktari alitazama tena picha kwenye mwanga. Akasema, "Kingekuwa na waya tungeiona. Basi hakimo. Huenda kimeangukia nyumbani. Koo limekwaruzwa tu, atapona." Alimpa dawa ya maumivu, akatuambia turudi hali ikibadilika.

Afande ameniomba nikae. Nimekaa. Naomba iandikwe kwamba simlaumu daktari. Aliuliza swali la maana kwa mtu aliyepaswa kulijua jibu.

Tulirudi nyumbani tukakitafuta kipande. Nilifagia jikoni mara tatu. Nilisogeza kabati. Nilichekecha takataka kwa mkono. Mwalimu alikuwa ameketi mezani na daftari la mazoezi la shule, kwa sababu kusema kulimuuma, akiniandikia: "Angalia chini ya friji." "Kunjua pindo za suruali yako uone." Nilikuwa nimepiga magoti natafuta sakafuni kitu kilichokuwa ndani yake, umbali wa hatua mbili.

Tarehe 13 alishindwa kumeza maji. Asubuhi hiyo aliandika: "Muulize tena kuhusu waya."

Sikumuuliza tena. Nimeulizwa na afande kwa nini. Ni kwa sababu nilikuwa nimeshauliza, na fundi alikuwa amenijibu. Mteja akiniuliza kama uzi ni wa nailoni nikasema ni wa nailoni, ni wa nailoni. Kwetu sisi tunaoishi kwa mikono, neno la fundi juu ya kitu alichokifunika mwenyewe ndilo jicho pekee la mteja. Sikujua kwamba kuna fundi anayeweza kusema vinginevyo kwa simu iliyopigwa kutoka hospitali.

Mchana wa siku hiyo alipandisha homa. Saa 10:20 jioni nilimrudisha hospitali. Alilazwa. Tarehe 15 walimwingizia kamera ya koo wakakiona kipande, kimezama kwenye ukuta wa njia ya chakula na kuutoboa. Walisema usaha umeshaingia kifuani. Tarehe 16, saa 11:05 alfajiri, alifariki. Nilikuwa nimeshika mguu wake kwa juu ya shuka, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na mirija.

Baada ya uchunguzi wa maiti daktari alinionyesha kipande hicho kwenye sahani ya chuma. Nilimwomba kioo cha kukuzia, akanipa. Niliyoyaona ni haya. Hapakuwa na waya. Hapakuwa na alama ya waya, wala mfereji ambao waya ingelazwa. Sehemu moja ya mkato ilikuwa na vitundu vidogo vingi, kama ndani ya mkate. Sehemu nyingine, pale kiraka kilipokuwa, ilikuwa laini na imenyooka, yaani kiraka hakikung'ang'ania, kilibanduka kama soli iliyopakwa gundi bila kukwaruzwa kwanza. Hata mtoto wa siku ya kwanza kwangu anakwaruza kabla ya kupaka.

Mnamo tarehe 19, siku ya pili baada ya mazishi, saa 9 alasiri, watu wakiwa bado nyumbani, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alinifuata uani. Akasema, "Shemeji, yule fundi wa meno amekuja kutoa pole. Ananiomba meno ya dada. Eti akayatunze."

Nilimkuta fundi wa meno jikoni. Alikuwa amesimama karibu na chupa ya jamu. Shemeji alisimama mlangoni na alisikia yote.

Nilimuuliza, "Unataka kuyatunzia wapi?"

Akasema, "Ni mambo ya kitaalamu tu, mzee. Nikaangalie kilichotokea."

"Waya iko wapi?"

"Mzee wangu, punguza sauti, kuna watu msibani."

"Msiba ni wangu. Waya iko wapi?"

Akatazama chini. Akasema, "Ile ilikuwa kumtuliza mama tu. Alikuwa na wasiwasi. Siku ile waya ziliniishia."

Nikamwambia, "Na nilipokupigia kutoka hospitali, nani alikuwa anatulizwa?"

Akasema, "Ningesema nini sasa? Nilishasema ipo."

Shemeji alimwambia, "Ungesema haipo, mshenzi wewe. Neno moja. Dada yangu alikufa kwa neno moja." Nilimwambia fundi wa meno atoke. Sikumgusa. Naomba iandikwe kwamba sikumgusa, kwa sababu nilitaka, na kisu changu cha kukatia ngozi kilikuwa kwenye mfuko wa aproni, na nilikijua kilipo.

Sasa ninarudi kwenye lile la mwezi wa kumi na moja. Afande amenisomea kwamba fundi wa meno katika maelezo yake amesema pleti ilidhoofishwa na mimi, kwa kuichonga nyumbani kwa tupa ya viatu.

Ni kweli niliichonga.

Ukingo ulikuwa unamkata mpaka anatoka damu, karakana imefungwa, na kesho yake alikuwa na darasa. Aliniambia, "Fundi, wewe unalainisha visigino vya dunia nzima, nisaidie na hiki." Nilitumia tupa ya mviringo, ile ndogo, kisha msasa laini. Niliongeza kina cha ule upenyo wa mbele kwa unene wa ukucha. Nilihakikisha pembe ni ya duara, kwa sababu najua pembe kali huanzisha mpasuko, kwenye ngozi na nadhani hata kwenye plastiki. Nilipomaliza alijaribu, akasema sa, se, si, so, su, akanipigia makofi. Tarehe 17 mwezi wa pili tulipopeleka ufa, fundi wa meno aliona pale nilipochonga, nami nilimwambia. Alisema hakuna neno.

Kwenye kipande kile nilichokiona hospitali, ncha moja ya mkato inaishia palepale nilipopitisha tupa. Sijui kama ufa ulianzia kwangu ukaenda kwenye mapovu yake, au ulianzia kwenye mapovu yake ukaja kutokea kwangu. Nimelala na swali hilo tangu siku ile. Kuna watu wenye vyombo wanaoweza kulijibu. Wapelekewe. Wakisema ni tupa yangu, iandikwe ni tupa yangu, nami nitakuja hapa kwa miguu yangu.

Lakini kuvunjika ni kuvunjika. Meno ya watu huvunjika na watu wanaishi. Daktari aliuliza swali moja, saa 3:10, Mwalimu akiwa anatembea na anapumua, na kipande kingeweza kutolewa siku hiyohiyo. Tupa yangu haikujibu simu ile.

Leo nimeleta vitu viwili. Kwanza, daftari la mazoezi lenye maandishi ya marehemu, kurasa nne. Pili, chupa ya jamu yenye sehemu iliyobaki ya pleti ndani ya maji. Kile kipande cha hospitali nimekiona kwenu, kiko kwenye mfuko wa nailoni, kikavu. Hakitakiwi kukaa kikavu. Kikikauka kinajikunja, na siku ya kuviunganisha mbele ya wataalamu fundi wa meno atasema havilingani. Naomba viwekwe pamoja kwenye maji, na maji yabadilishwe kila asubuhi. Mimi nimeyabadilisha tangu tarehe 16 bila kukosa. Si kazi kubwa. Mwalimu aliifanya kwa miaka kumi na moja kabla ya kupiga mswaki.

Niliyoyasema ni haya, yamesomwa mbele yangu, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA OFISA

Nimeyaandika maelezo haya mimi mwenyewe na kumsomea shahidi, ameyathibitisha kuwa sahihi. Alikataa neno "ajali" nililoliandika ukurasa wa kwanza, nimelifuta, naye ametia sahihi pembeni. Nimepokea daftari moja na chupa moja ya kioo yenye kifuniko. Kipande kilichotoka hospitali nimekiingiza katika chupa hiyo mbele ya shahidi saa 5:40 asubuhi. Shahidi aliomba kuvisogeza kwa kijiti bila kuvigusa kwa mkono. Vipande vimelingana.

Nyongeza, tarehe 3 mwezi wa saba, saa 1:30 asubuhi: chupa iko kabatini, kufuli imefungwa. Maji yamebadilishwa.

Nyongeza, tarehe 4 mwezi wa saba, saa 1:25 asubuhi: maji yamebadilishwa.